Kibodi hai kwenye GRUB, mfu kwenye nywila

Mama mmoja mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi hapa Arua, Uganda, alinijia asubuhi na kompyuta yake ya mezani, imefungwa kitenge, ameipakata juu ya boda kama mtoto mgonjwa. Hata kiti hakukalia. "Fundi, kibodi imekufa. Nikanunua mpya ya elfu ishirini, ikafa. Nikaazima ya jirani, nayo ikafa. Hii kompyuta inaua kibodi."

Nikaiwasha. Taa tatu za kibodi zilimulika mara moja zikazimika, kama kawaida. Ikaja menyu ya GRUB, ile programu inayoipakia Linux. Nikabonyeza mshale wa chini, mstari ukashuka. Wa juu, ukapanda. Kibodi nzima kabisa. Nikabonyeza Enter, maandishi machache yakakimbia, kisha Linux ikasimama ikiomba nywila ya kufungua diski. Hapo vidole vyangu vikawa bubu. Hakuna herufi, hakuna kinyota. Nikajaribu Num Lock, taa yake haikuitika.

"Si unaona?" mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Mafundi wengi wakifika hapa hutoa hukumu moja kati ya mbili. Wa kwanza atasema kibodi ni mbovu, ingawa sekunde kumi tu zilizopita ilikuwa inapandisha na kushusha mstari mbele ya macho yake. Wa pili atasema Linux haiipendi kibodi hii, na ataanza kutafuta mtandaoni draiva, yaani programu ya kukiendesha kifaa, ya kampuni iliyoitengeneza, kitu ambacho kwa kibodi ya kawaida hakipo na hakihitajiki. Kuuliza kama kibodi ni nzima au mbovu hakukufikishi popote. Uliza imefia wapi, kwa sababu kati ya kuwasha umeme na kuandika herufi ya kwanza kibodi ile ile hupita mikononi mwa watu watatu, na ajali zote hutokea wakati wa kupokezana.

Mlinzi wa usiku ameondoka na funguo

Wa kwanza kuamka ni BIOS, au UEFI kwenye mashine za karibuni. Dukani tunaziita zote BIOS na sitabadilisha leo. Hii ni programu iliyochomwa kwenye chipu ya madabodi, na ndani yake mna draiva ndogo za USB za kutosha kusoma kibodi na flashi. BIOS za zamani zina ujanja zaidi: zinaigiza. Kibodi yako ya USB huvishwa ngozi ya kibodi ya PS/2, ile ya plagi ya duara, ili hata programu isiyojua USB ni nini iweze kuisoma. Kwenye mipangilio utaukuta ujanja huo umeandikwa Legacy USB Support. GRUB kwa kawaida haijishughulishi na draiva za kibodi. Inaiuliza BIOS, BIOS inajibu.

Kwa hiyo kibodi ikifanya kazi kwenye GRUB, umejua mambo matatu tu: kibodi ni nzima, waya ni mzima, tundu lina umeme. Kuhusu Linux hujajua chochote.

Wa pili ni keneli, kiini cha Linux yenyewe. Ikishaamka, moja ya kazi zake za mwanzo ni kuiambia BIOS iachie vidhibiti vya USB. Kuanzia sekunde hiyo BIOS haimo tena katika habari za kibodi, na ule uigizaji wake wa PS/2 umekwisha. Ni kama mlinzi wa usiku anayeondoka saa kumi na mbili asubuhi na funguo zake mfukoni. Wa mchana lazima awe amekuja na zake.

Hapo ndipo ugumu ulipo, kwani keneli bado haijafungua diski, na draiva zake nyingi zimelala humo humo kwenye diski, ndani ya `/lib/modules`. Draiva ya kufikia diski iko ndani ya diski! Ili kukata mzunguko huu, GRUB hupakia pamoja na keneli furushi dogo liitwalo initramfs. Kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, utaliona kama `/boot/initrd.img` likifuatwa na namba ya keneli. Lichukulie kama mfuko wa safari. Kisichomo mfukoni, mpaka ufike unakokwenda, hakipo duniani. Na lile swali la nywila ya diski huulizwa njiani, ukiwa bado unakula vya mfukoni.

Wa tatu ni mfumo wenyewe: diski imefunguka, ghala lote la moduli, yaani zile draiva, linaonekana, systemd na udev, wasimamizi wa huduma na wa vifaa, wanaanza kazi. Kilichokosekana mfukoni sasa kinaweza kuchukuliwa ghalani. Ndiyo maana unaweza kukuta kibodi inafanya kazi kwenye GRUB, inakufa kwenye nywila, kisha inafufuka kwenye ukurasa wa kuingia. Mtu asiyejua mpangilio huu ataapa kuwa kuna jini.

Draiva moja haitoshi

Tunasema "draiva ya kibodi" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa kibodi ya USB ni mnyororo, na ukikatika popote matokeo ni yale yale, ukimya.

Chini kabisa ni draiva ya kidhibiti, yaani ile chipu iliyo upande wa kompyuta, inayoyaendesha matundu yenyewe. USB ilipoanza mwaka 1996 vidhibiti vilikuwa vya aina mbili, na draiva zake kwenye Linux ni `uhci_hcd` na `ohci_hcd`. Ilipokuja USB 2.0 ikaongezeka `ehci_hcd`. USB 3.0 ikaleta `xhci_hcd`, iliyoingia kwenye keneli 2.6.31 mwaka 2009, na hapo Linux ilitangulia mifumo mingine yote. Zingatia kwamba kwenye kompyuta za kawaida kila moja huandamana na nduguye wa PCI, ile njia inayounganisha chipu na madabodi: `ehci_pci`, `xhci_pci`. Ukibeba mmoja ukamsahau mwenziwe, hujabeba kitu.

Juu yake yupo `usbcore`, anayejua lugha ya USB kwa ujumla. Kisha `usbhid`, anayeshughulika na vifaa vya mikono ya binadamu: kibodi, mausi, visomaji vya msimbo mistari vya dukani. Mwishoni `hid_generic`, au draiva maalumu ya kifaa chako kama ipo, ndiyo inayogeuza ujumbe wa kibodi kuwa herufi.

Nani anamwita nani? Kila kifaa kina lebo yake. Kibodi ikichomekwa hujitambulisha kwa namba ya mtengenezaji, namba ya bidhaa, halafu aina. Kwenye lebo hiyo tafuta kipande `ic03isc01ip01`. Ile 03 inamaanisha kifaa cha mikono, 01 ya kati ni kwamba kinaelewa hata lugha rahisi ya BIOS, 01 ya mwisho ni kibodi. Mausi ingekuwa na 02 mwishoni. Draiva `usbhid` nayo imetangaza kwamba inapokea lebo yoyote yenye `ic03`, haijali kampuni. Udev analinganisha lebo na matangazo, anapakia moduli. Hii ndiyo sababu kibodi ya elfu ishirini ya sokoni haihitaji draiva ya kampuni.

Lakini lebo haisomeki kama kidhibiti chenyewe hakina draiva, na huko ndiko mashine ya mama ilikokwama.

Diski ilihama, mfuko haukupangwa upya

Nilimuuliza kama kompyuta imewahi kutengenezwa. Akaanza mbali, kama ilivyo desturi, na mimi nimejifunza kutomkatiza mteja wakati huo. Mara nyingi jibu limo katikati ya hadithi. Deskitopu yake ya kwanza aliwekewa Debian na mtoto wa dada yake anayesoma Kampala, ambaye pia alimfungia diski kwa nywila kwa sababu watu humletea hati za mashamba na vyeti. Siku moja umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, madabodi ikaungua. Gridi ya taifa imetufikia huku Nile Magharibi mwaka 2024, lakini kishindo cha umeme ukirudi ni kile kile. Fundi mwingine akachukua diski, akaihamishia kwenye kompyuta nyingine iliyotumika, mpya zaidi kuliko ile ya kwanza. "Tangu siku hiyo," akasema mama.

Ile ya kwanza ilikuwa mashine ya mwaka 2011 hivi, yenye vidhibiti vya `ehci`. Ya pili ni ya kizazi cha Intel cha mwaka 2015, Skylake, ambacho kiliondoa `ehci` na kuacha `xhci` peke yake. Waliowahi kujaribu kuweka Windows 7 kwenye mashine za kizazi hicho watakumbuka kisa kama hiki: ukurasa wa kwanza wa kusakinisha unatokea na kibodi na mausi vyote vimekufa, maana Windows 7 haikuja na draiva ya `xhci`. Ugonjwa ni mmoja, nyumba ni mbili.

Sasa, kwa kawaida Debian hufungasha mfuko mkubwa, wenye draiva za vidhibiti karibu vyote, hivyo diski inaweza kuhama mashine bila shida. Uamuzi huo umo kwenye mstari mmoja wa faili `/etc/initramfs-tools/initramfs.conf`:

    MODULES=most

Lakini anayesakinisha kwa njia ya kitaalamu huulizwa kama anataka mfuko wa jumla au mfuko wa mashine hii tu. Akichagua wa pili, kisakinishi huandika `MODULES=dep` kwenye faili jingine, `/etc/initramfs-tools/conf.d/driver-policy`, ambalo hulishinda lile la kwanza, na mfuko hubeba zile draiva tu ambazo kompyuta ya siku ile ilionekana kuzihitaji. Mpwa alichagua hivyo. Kwa mashine ya kwanza hakukosea hata kidogo.

Yote haya wakati huo yalikuwa dhana yangu tu. Ilibidi niyathibitishe, na kibodi haifanyi kazi.

Ukimya na kelele

Kumbuka kwamba kwenye GRUB kibodi ni hai. Tumia nafasi hiyo. Simama kwenye mstari wa Linux, bonyeza herufi `e`, teremka mpaka mstari unaoanza na neno `linux`, futa `quiet` na `splash` kama yapo, kisha Ctrl na X kwa pamoja. Hubadilishi chochote cha kudumu; ni kwa safari hii tu. Sasa keneli itasema kila inachofanya. Maandishi yanakwenda mbio kuliko jicho, kwa hiyo mimi huchukua simu nikarekodi video ya skrini, halafu nikaitazama taratibu. Hakuna aibu.

Unachotafuta ni mistari ya namna hii:

    usb 1-3: new low-speed USB device number 4 using xhci_hcd
    usb 1-3: New USB device found, idVendor=046d, idProduct=c31c
    input: Logitech USB Keyboard as /devices/pci0000:00/...
    hid-generic 0003:046D:C31C.0001: input,hidraw0: USB HID v1.10 Keyboard

Mstari wa kwanza ukiwepo, kidhibiti kina draiva na kimeona kifaa. Wa pili, kifaa kimejitambulisha. Wa mwisho, mnyororo umekamilika na kibodi lazima iandike. Ukiona mbili za mwanzo bila za mwisho, mfukoni hamna `usbhid` au `hid_generic`.

Hapa nina kanuni yangu ya dukani, na imenifaa kuliko zana nyingi: sikiliza kama kuna ukimya au kelele. Ukimya, yaani hakuna mstari wowote unaoitaja kibodi, huelekeza kwenye draiva iliyokosekana. Kelele, yaani mistari ya makosa inayojirudia, maana yake draiva ipo na inahangaika. Tatizo ni umeme, waya, au kifaa. Watu hupoteza siku nzima wakibadilisha waya penye ukimya, na kusakinisha upya Linux penye kelele.

Kwenye mashine ya mama kulikuwa kimya. Diski ilionekana, skrini ilionekana, neno `xhci` halikutajwa hata mara moja.

Kibodi ya zambarau

Nyuma ya madabodi ile, pamoja na matundu ya USB, kulikuwa na tundu moja la duara la PS/2. Kwenye msumari ukutani mwangu huning'inia kibodi ya zamani yenye plagi ya zambarau (ya kijani ni ya mausi), imepauka, herufi A imefutika. Nikazima kompyuta kwanza, maana PS/2 si kitu cha kuchomeka umeme ukiwaka, nikaichomeka, nikawasha.

Ikafika kwenye nywila. Num Lock ikawaka. PS/2 haipiti kwenye USB kabisa, na kwenye keneli ile draiva yake ilikuwa imejengwa ndani ya keneli yenyewe, haikuhitaji mfuko. Nikamgeuzia mama kibodi aandike nywila yake. Akaifunika kwa mkono mmoja, akaandika kwa kidole kimoja, kwa kukumbuka ilipokuwa ile A.

Diski ikafunguka. Na kabla ukurasa wa kuingia haujatokea, taa ya ile kibodi ya USB iliyokuwa bado imechomekwa pembeni ikawaka yenyewe. Hakuna aliyeigusa. Ghala la moduli lilikuwa limefunguliwa, udev akasoma lebo, `xhci_pci` akapakiwa, mnyororo wote ukafuata. Mama alinitazama kama mtu aliyeona mazingaombwe. Mimi nilifurahi zaidi yake, kwa kuwa dhana ilikuwa imethibitika bila amri hata moja.

Amri ya kuhakikisha ipo, hata hivyo:

    lsinitramfs /boot/initrd.img-$(uname -r) | grep -E 'xhci|ehci|usbhid'

Ikaonyesha `ehci` na `usbhid`, bila `xhci`. Tiba ni kubadilisha `dep` kuwa `most` na kufungasha mifuko yote upya:

    update-initramfs -u -k all

Ungedhani imeisha. Ikajibu `No space left on device`. Sehemu ya `/boot` ilikuwa na megabaiti kama 240 tu, imejaa keneli nne za miaka tofauti, na mfuko mmoja ulitaka kuruka kutoka megabaiti 19 hadi 44. Hapo usitaharuki na zaidi ya yote usizime kompyuta kwa hasira. Debian huandika faili jipya pembeni kwanza ndipo ilibadilishe na la zamani, kwa hiyo la zamani lilikuwa bado salama. Nikaangalia `uname -r` kujua keneli inayotumika, nikaondoa zilizopitwa kwa `apt autoremove --purge`, nikarudia. Safari hii ikapita. Nikachomoa ya zambarau, nikawasha upya, akaandika nywila kwa kibodi yake mpya.

Kama madabodi haina tundu la duara, njia ni ndefu kidogo: unawasha kwa flashi yenye Linux, unafungua diski kwa `cryptsetup open`, unaipandisha pamoja na `/boot` yake, unaingia kwa `chroot`, kisha unafanya yale yale. Angalia jambo moja linalowanasa wengi. Jina unaloipa diski unapoifungua lazima lifanane na lile lililo ndani ya `/etc/crypttab`, kwa mfano `sda5_crypt`. Ukiipa jina lako la kubuni, mfuko mpya unaweza kufungashwa bila maelezo ya kufungua diski, na sasa utakuwa na kibodi nzima isiyo na pa kuandika.

Kwa watumiaji wa aina nyingine za Linux, kwa Fedora mfungashaji ni `dracut`, na kwa Arch ni `mkinitcpio`. Kwenye Arch kosa maarufu ni mpangilio wa maneno kwenye mstari wa HOOKS: `keyboard` ikija baada ya `autodetect`, mfuko unabeba draiva za kibodi iliyochomekwa siku ile tu. Itangulize, nao utabeba zote.

Penye kelele

Kelele ina sura chache, na namba zake zina maana.

    usb 1-4: device descriptor read/64, error -71
    usb 1-4: device not accepting address 7, error -110
    usb 1-4: unable to enumerate USB device

Kosa la -71 ni la itifaki: majibu yamerudi yamechakaa. La -110 ni muda kuisha: kompyuta imeuliza, hakuna aliyejibu. Kabla ya kitu kingine chochote, hamisha kifaa kutoka tundu la mbele kwenda la nyuma. Matundu ya mbele yameunganishwa kwa waya mrefu mwembamba ndani ya kasha, na kwenye kompyuta zilizotumika waya huo mara nyingi umeshabanwa, umeshapinda, au umeshika kutu. Halafu ondoa habu, kile kifaa cha kugawa tundu moja kuwa mengi. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 kwa ukomo. Habu isiyo na umeme wake ikigawa hizo kwa kibodi, mausi, modemu ya intaneti na simu ya mtu inayochajiwa, wa kwanza kuzimia huwa si yule aliyesababisha. Nimeona kibodi "ikifa" kila asubuhi kwenye ofisi moja, sababu ni simu ya karani. Ikiandikwa `over-current condition`, tundu lenyewe limejikata kujikinga. Tafuta pini zilizogusana ndani yake kwa tochi.

Kibodi zisizo na waya zina lao. Kile kipokezi kidogo husikiliza masafa ya gigahezi 2.4, na USB 3.0 inapofanya kazi hutoa makelele katika masafa hayo hayo. Kipokezi kikiwa bega kwa bega na diski ya nje ya USB 3.0, herufi hupotea. Kisogeze kwa waya wa kurefushia wa nusu mita, utaona tofauti. Kibodi za Bluetooth usizitegemee kwenye nywila ya diski. Huduma ya Bluetooth huja baadaye.

Umeme ukiwa safi na kelele ikabaki, kifaa kinaweza kuwa na tabia mbaya inayojulikana. Keneli ina orodha ya tabia hizo na inakuruhusu kuongeza ya kwako pale kwenye mstari wa `linux` wa GRUB:

    usbhid.quirks=0x046d:0xc31c:0x0008

Namba mbili za mwanzo ni za kifaa chako. Zisome kwa `lsusb`, usinakili hizi zangu. Ya tatu ndiyo tabia: 0x0008 huiambia keneli isikiulize kifaa hali yake kinapoanza, maana vingine huganda kwa swali hilo. 0x0400 huiagiza isiache kukisikiliza hata pasipo programu inayokitumia. Hii ya pili ni dawa ya mausi fulani za bei rahisi ambazo, zisiposikilizwa, hujikata na kujiunga tena kila baada ya dakika moja hivi, na kujaza kumbukumbu za mfumo kwa habari zisizo na maana.

Ukiona `BIOS handoff failed`, mlinzi wa usiku amegoma kuachia funguo. Ingia BIOS, tafuta XHCI Hand-off, iwashe. Na kwenye baadhi ya madabodi za AMD za mwanzoni mwa miaka ya 2010, matundu ya USB hufa keneli ikishashika usukani mpaka kipengele cha IOMMU kiwashwe kwenye BIOS, au uongeze `iommu=soft` kwenye mstari wa keneli.

Ikifia mbali zaidi

Ikiwa nywila imepita na kibodi inakufa kwenye ukurasa wa picha wa kuingia, usirudi kwenye USB. Bonyeza Num Lock: taa ikiitika, USB ni nzima na tatizo liko juu; isipoitika, bado usihukumu. Mazingira ya picha yakikosa draiva, hata Ctrl, Alt na F3 huenda visiitike, kwa hiyo washa upya na uongeze `systemd.unit=multi-user.target` kwenye mstari wa `linux` wa GRUB kupata skrini ya maandishi. Ukiweza kuandika pale, mazingira ya picha ndiyo yasiyo na draiva ya kuingiza. Kwenye Xorg, mmoja wa mifumo ya picha ya Linux, fungua `/var/log/Xorg.0.log`, na ukikuta `No input driver specified, ignoring this device`, sakinisha `xserver-xorg-input-libinput`. Hutokea mtu anapobadilisha vifurushi vya Xorg nusunusu.

Tazama pia `/etc/modprobe.d/`. Ofisi moja niliyoitwa ilitaka kuzuia flashi za virusi, wazo zuri tu, na aliyepewa kazi akazuia `usbhid` badala ya `usb_storage`. Flashi ziliendelea kuingia kama kawaida. Kibodi ndizo zilizofukuzwa.

Na ukikutana na ushauri wa kupakia `usbkbd` au `usbmouse`, uache upite. Majina yanavutia, lakini hizo ni draiva za ile lugha rahisi ya BIOS tu, zilizokusudiwa mashine ndogo sana. Zikimwahi `usbhid` kwenye kifaa, utapoteza vitufe vya ziada na mara nyingine kifaa kizima.

Kwa mfumo uliokwisha kuwaka, amri ninayoifungua kwanza ni `lsusb -t`:

    /:  Bus 01.Port 1: Dev 1, Class=root_hub, Driver=xhci_hcd/16p, 480M
        |__ Port 3: Dev 4, If 0, Class=Human Interface Device, Driver=usbhid, 1.5M

Mnyororo wote umo humo kwa mistari miwili: kidhibiti na draiva yake juu, kibodi na yake chini. Mahali pa `usbhid` pakiwa patupu, umejua pa kushika. Ile 1.5M mwishoni huwatisha wateja wanaochungulia. Ni megabiti 1.5 kwa sekunde, mwendo wa kawaida wa kibodi, na hakuna mwandishi aliyewahi kuumaliza. Kwa yaliyotokea safari iliyopita kabla hujazima, `journalctl -k -b -1`, ilimradi mfumo wako unahifadhi kumbukumbu kwenye diski.

Mama alipokuwa anafunga kompyuta yake kwenye kitenge aliniuliza bei ya ile kibodi ya zambarau. Nikamwambia haiuzwi, na kwamba hataihitaji tena. Akasema mpwa wake naye alimwambia hatahitaji fundi tena. Tukapatana elfu kumi, bila herufi A, na sasa natafuta nyingine ya kuning'iniza ukutani.